Kipara cha Kanali

Jumatatu, 4 Machi

Ushindi! Mama mkwe ameondoka asubuhi kwenda kumuuguza dada yake aliyepasuliwa goti, na mbwa wake, Kanali, amemwacha kwangu. Kwangu! Si kwa mwanyumba. Mwanyumba ni mume wa dada yake mke wangu, mtu wa kutoa kopi na kuchapa kadi, na huu ni mwaka wa sita tunatazamana kama majogoo wawili waliofungiwa kwenye tenga moja.

Kinachogombewa ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe. Madirisha mawili yanayotazama barabara. Mlango mpana: kochi la watu watatu linapita bila kulazwa ubavu. Nimeupima kwa siri mara nne. Mimi ni fundi wa makochi, na kazi yangu naifanyia kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yangu ya jirani, ambako mteja lazima apite chini ya kamba ya nguo, aziinamie soksi zangu kwanza ndipo anisalimie mimi. Mwanyumba naye anakitaka chumba hicho kwa ajili ya mashine zake. Mama mkwe amesema akirudi, Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 16, ataamua.

Ameacha na karatasi mbili za maelekezo ya kumtunza mbwa, zimeandikwa pande zote. Nimezikunja vizuri nikaziweka mahali pa heshima, chini ya kopo la gundi. Mbwa nawajua. Mbwa ni chakula, maji na kusifiwa.

Mpango ninao. Wiki iliyopita niliokota kochi kwenye ghala la nyumba ya wageni iliyofungwa. Mbao ngumu, miguu ya kuchonga, springi zote nzima. Limekaa gizani miezi mingi, lakini mifupa yake ni ya kifalme. Nitalivisha upya, kimyakimya, na mama mkwe akirudi atalikuta chumba cha mbele. Atakaa. Akishakaa, kwisha maneno.

Kwa sasa Kanali analala juu yake kibandani. Amejinyoosha kama mwenye nyumba.

Jumatano, 6 Machi

Mkono wa kulia wa kochi umekamilika. Mzuri mpaka unatia wivu.

Kanali anajikuna. Anajikuna akiwa amekaa, anajikuna akitembea, anasimama katikati ya kula ili ajikune. Kisha anajipinda kama chelewa ya ufagio na kujing'ata pale mkia unapoanzia. Mke wangu amesema huenda ana viroboto, nimtazame. Nimemwambia mbwa anayejikuna ni mbwa mwenye mawazo. Anamkumbuka bibi yake. Mke wangu akauliza kama mawazo yanakaa mkiani. Nikarudi kwenye nyundo yangu. Ana ulimi huyu, kaurithi kwa mama yake.

Nimempapasa Kanali kumliwaza. Kiganja kimerudi kimejaa manyoya.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa!

Kanali ana kipara. Juu ya kiuno, karibu na mkia, upana wa kisahani cha chai. Ngozi inaonekana, nyekundu nyekundu. Siku nane zimebaki na mbwa wa mama mkwe amegeuka mzee wa baraza upande wa nyuma.

Mke wangu amesema daktari wa mifugo yupo mtaa wa pili, nimpeleke leo hii. Nimekataa. Haelewi siasa! Daktari huyo kadi zake za chanjo anachapisha kwa mwanyumba. Nikimpeleka Kanali asubuhi, mchana mwanyumba anajua, jioni mama mkwe anapigiwa simu. Hapana. Hili nalimaliza mwenyewe. Mtu aliyerudisha uhai kwenye makochi mia mbili hashindwi na kipande cha ngozi.

Nimefikiri kisayansi. Manyoya yanatokana na mwili, mwili unatokana na chakula. Nimempa mayai manne. Kayala kwa adabu.

Baadaye: kibanda hakikaliki. Nimeshonea nje, chini ya soksi.

Jumamosi, 9 Machi

Mwanyumba amekuja "kusalimia tu." Toka lini? Macho yake ni kama mashine yake, yanapita juu ya kitu taratibu huku yakitoa mwanga. Nilimsikia akigonga geti nikapata muda wa kufanya jambo moja. Nilimwambia Kanali akae, nikamfunika shuka ninalofunikia makochi, nikamwekea mto juu ili mambo yakamilike.

Mwanyumba akasimama mlangoni mwa kibanda, akauliza habari za kazi. Nzuri. Akauliza habari za Kanali. Nzuri sana, yupo matembezini na mke wangu. Mke wangu alikuwa nyuma yake ameshika beseni.

Akaelekeza kidole kwenye shuka, akauliza ni nini kile. Nikamwambia stuli. Stuli ya mtindo mpya, ya springi.

Stuli ikapiga chafya.

"Mwanyumba," akasema taratibu, "hii stuli yako imeshikwa na mafua?"

Nikamwambia ni vumbi la sponji, linaingia kwenye springi. Akatikisa kichwa kama daktari anayempa pole mgonjwa. Akaaga. Nilimsikia akicheka kuanzia getini mpaka kona.

Hakuona kipara. Hilo ndilo la muhimu. Shuka lilifunika kila kitu isipokuwa mkia.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala nikaamka na jibu. Mwanyumba! Kwa nini aje jana? Kwa nini acheke? Mtu huyu anaingia kibandani nikiwa sipo na kumnyonyoa Kanali ili niaibike. Nimemweleza mke wangu. Ameenda kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa.

Nimejificha nyuma ya robota la sponji tangu chai ya asubuhi mpaka saa sita mchana. Miguu imekufa ganzi yote miwili. Na nimemkamata mhalifu!

Ni Kanali mwenyewe. Anajinyonyoa kwa meno ya mbele, kidogo kidogo, kama mtu anayechambua mchele. Sikutegemea usaliti wa ndani.

Nimechukua ndoo ndogo ya mke wangu, nimeikata kitako, nimeizungushia sponji ili isimwumize, nimemvika shingoni. Kazi safi, pindo la kushonwa kwa mkono. Sasa hawezi kufika mkiani. Hawezi pia kupita mlangoni, kuona ubavuni, wala kujua kopo la vanishi liko wapi.

Sasa anajua. Na sakafu nzima inajua.

Jumatatu, 11 Machi

Shampuu ya mke wangu ya kutibu mba. Ile kali, ya chupa ya bluu. Kichwa chake imekitendea maajabu. Nimemwogesha Kanali mara tatu mfululizo.

Kipara kimekuwa chekundu kama nyanya na kimeongezeka. Sasa si kisahani tena, ni sahani. Kanali amelala uso ukutani.

Mke wangu amezitoa zile karatasi chini ya kopo la gundi, akanisomea kwa sauti nikiwa nimekaa, kama mwanafunzi aliyefeli. Ukurasa wa kwanza: "Asiogeshwe kwa sabuni ya watu, ngozi yake si kama yetu." Ukurasa wa pili, mwishoni kabisa: "Akianza kujikuna apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Kila mwaka viroboto wakimpata ngozi yake huharibika."

Nimesema jambo zito hivyo lingeandikwa juu, kwa herufi kubwa. Mwandishi ndiye mwenye makosa. Mke wangu akanikumbusha mwandishi ni nani. Nikaomba maneno yangu yasifike mbali.

Vifundo vya miguu vinaniwasha. Joto hili.

Jumanne, 12 Machi

Fundi magari wa pale kona ana dawa. Anasema mbwa wa kwao wote walipakwa oili chafu ya injini na hakuna aliyelalamika. Nimemuuliza mbwa hao wako wapi sasa. Kasema wamekufa, lakini walikufa na manyoya. Hoja nzito. Amenijazia kopo.

Nimerudi nimeshika kopo na brashi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, mikono kiunoni. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

"Mbwa hujilamba kila anachopakwa," alisema. "Hiyo ikiingia tumboni utamuua. Ukimpaka, usiingie ndani kwangu. Lala naye huku, umzike mwenyewe."

Nilimtazama Kanali. Alikuwa amenyanyuka aliposikia hatua zangu. Baada ya mayai, na shuka, na ndoo, na shampuu ya mba, bado anatikisa mkia akiniona. Mkia wenyewe sasa umebaki kama fimbo. Alikuja akaweka kidevu juu ya kiatu changu akatulia.

Oili nimemrudishia fundi magari. Si kwamba nimeshindwa. Nimebadilisha mbinu tu.

Jumatano, 13 Machi

Mbinu mpya ni hii: kisichoota, kishonwe!

Nilikuwa na kitambaa cha manyoya bandia kilichobaki kwenye kazi ya viti vya chekechea. Rangi ya kahawia. Kanali ni wa kahawia. Tofauti ni ndogo: yeye ni kahawia ya majani makavu, kitambaa ni kahawia ya kitu cha kuchezea. Sikugusa gundi, mimi si mnyama. Nimemshonea kizibao kinachofungwa tumboni kwa vifungo vitatu, kinafunika kiuno mpaka mwanzo wa mkia. Ukiwa hatua kumi, huoni kitu. Ukiwa hatua ishirini, unamwonea wivu.

Kazi kama hii haifichwi. Nikamtoa kumtembeza. Nikapita naye kusudi mbele ya duka la mwanyumba, kifua mbele, mimi na Kanali.

Mlango ukafunguka, akatoka daktari wa mifugo mwenyewe, bunda la kadi kwapani.

Ni mama mfupi, mpole, mwenye viatu vya mpira. Alichuchumaa katikati ya njia akamsalimia Kanali kwanza, mimi baadaye. Kisha akaniuliza ni nani aliyemvika mbwa zulia. Nikamwambia ni mtindo. Akafungua kifungo kimoja, akainua.

Nilisubiri acheke. Nilikuwa na jibu tayari kwa mtu atakayecheka. Hakucheka. Aliangalia ile ngozi, akaigusa pembeni kwa mgongo wa kidole, na Kanali akalia kidogo.

Akauliza imeanza lini. Nikasema sasa hivi, tulipokuwa njiani.

"Kesho saa mbili asubuhi mlete," alisema. "Usipomleta, nitakuja kumchukua mwenyewe."

Tumerudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Kizibao nimekivua. Chini yake palikuwa pamelowa jasho.

Alhamisi, 14 Machi

Saa mbili kasorobo tulikuwa mlangoni. Si kwa woga. Napenda kuwahi.

Zahanati yake ni kijichumba nyuma ya duka la vyakula vya mifugo, giza tupu, taa moja, mtu akitoka ndipo mwingine aingie. Alimchana Kanali kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, kuanzia kiunoni mpaka mkiani, akakung'uta juu ya karatasi nyeupe. Zikaanguka punje nyeusi, ndogo kama unga wa pilipili manga. Nikasema ni vumbi la kazini. Akadondosha maji juu yake. Punje zikayeyuka, zikaacha alama nyekundu.

Akasema kile ni kinyesi cha viroboto, na wekundu ule ni damu ya Kanali.

Nikamshika Kanali sikio, taratibu. 

Akakwangua ngozi kidogo, akatazama kwenye hadubini, akasema utitiri hakuna, afadhali. Halafu akanieleza, polepole, kama anayemweleza mtu mwenye akili. Manyoya ya mbwa hayatoki bure, lazima kuna kinachoyatoa, na mahali yanapotoka ndipo penye habari. Yakitoka kiunoni na mkiani huku anajikuna, anza na viroboto. Yakitoka mviringo mviringo, fikiria fangasi, na hao huambukiza hata watu. Yakianzia kuzunguka macho na viwiko, tafuta utitiri. Yakitoka pande zote mbili sawasawa na mbwa hajikuni, huenda ni tezi, inabidi kupima damu. Na kwa mbwa kama Kanali, ambaye ngozi yake haipatani na mate ya kiroboto, wachache tu wanatosha kumfikisha hapa.

Amemtia dawa ya matone shingoni, amempa vidonge vya kupunguza mwasho na dawa ya kupaka. Nyingine zote nimekatazwa. Zote! Akanitajia mayai bila mimi kumwambia. Nadhani alisikia harufu. Kasema mwasho utapungua siku chache hizi, lakini manyoya yatachukua wiki nyingi, pengine miezi miwili, na hakuna mtu duniani anayeweza kuyaharakisha. Alinitazama aliposema hakuna mtu duniani.

Ndipo nikamwomba asimwambie mwanyumba. Akashangaa. Akasema habari za wagonjwa wake hampi mtu, na wala mwanyumba hajawahi kumuuliza. Siku sita nimejificha na mbwa wangu kwa mtu ambaye mdomo wake umefungwa kufuli! Angenitangazia mapema.

Swali lake la mwisho: mbwa analala wapi? Nikajibu kwa fahari: kwenye kochi la mbao ngumu, miguu ya kuchonga. Limetoka wapi? Ghalani. Akashusha pumzi. Akasema viroboto anaowaona mtu juu ya mbwa ni wachache, wengi wako kwenye malazi: mayai, watoto, na wengine kwenye vifuko wakisubiri miezi mpaka wasikie mtikisiko wa kiumbe hai. Sponji ya lile kochi itolewe yote ichomwe, mbao zipuliziwe dawa, kila kitambaa kifuliwe kwa maji ya moto. Kisha macho yake yakashuka kwenye vifundo vya miguu yangu. Nikaiingiza miguu chini ya kiti.

Nyumbani nimefunua kiti cha kochi. Kitu kimerukaruka. Vitu. Vingi.

Nimekaa juu ya ndoo ya mke wangu, ile isiyo na kitako, nikafikiri kwa makini. Daktari ni bingwa wa mbwa, sikatai. Kwa makochi bingwa ni mimi. Kuchoma sponji sasa ni kuanza upya, na keshokutwa mama mkwe anarudi. Kitambaa nilichonacho ni kizito, kimefumwa karibu karibu. Nikikibana kwa pini pande zote, mara mbili, hakuna atakayetoka. Kiroboto ana miguu. Hana koleo.

Nimepiga pini mia nne.

Ijumaa, 15 Machi

Kochi limekwisha! Bluu ya usiku, vifungo kumi na viwili mgongoni, mistari imenyooka kama rula. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi. Mke wangu aliuliza kama nilichoma sponji. Nimemwambia suala la sponji limeshughulikiwa. Yeye amefua mashuka, magunia na kila kitambaa cha kibandani kwa maji ya moto tangu alfajiri, mikono imemvimba, na bado alimpaka Kanali dawa yake kabla ya kunywa chai.

Kanali amepunguza kujikuna. Nimemwonyesha kochi jipya. Amelinusa, amelizunguka, akaenda kulala kwenye sakafu ya saruji. Hana jicho la sanaa.

Kochi halibebwi na mtu mmoja. Imenibidi, nasema imenibidi, kumwita mwanyumba tulipeleke chumba cha mbele. Amekubali haraka mno. Tulipolitua akakaa "kulijaribu" na hakunyanyuka nusu saa nzima. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeona chumba kikimponyoka. Hiyo nusu saa niliila kama asali.

Jumamosi, 16 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mama mkwe alifika saa nne. Jambo la kwanza alimwita Kanali, na Kanali akaenda akitikisa ule mkia wa fimbo. Mama mkwe akamzungusha, akakiona kipara. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za majira ya kupukutisha manyoya. Akainua mkono, akasema kwanza akae, amechoka na safari.

Akakaa kwenye kochi. Akapapasa mkono wa kochi, akapapasa vifungo, akasema, "Mkwe, umefanya wewe kazi hii?" Nikasema ndiyo, mama. Akamwita mke wangu akae kulia. Shemeji, yaani mke wa mwanyumba, akakaa kushoto. Mwanyumba akaegemea pembeni. Familia nzima kwenye kazi ya mikono yangu, jua linaingia madirisha yote mawili. Nilijua chumba ni changu.

Wa kwanza alikuwa shemeji. Alijikuna shingo. Kisha mwanyumba, paja. Kisha mama mkwe, akiwa katikati ya kusimulia goti la dada yake, akainama akajikuna muundi, akaendelea, akajikuna tena. Nikasema hewa ya safari hukausha ngozi. Shemeji akaruka akapiga kelele akionyesha kitu kwenye gauni lake jeupe. Mwanyumba akasimama akajipiga makofi miguu yote miwili kama mtu anayecheza. Kanali alikuwa mlangoni. Mama mkwe alimwita aingie, yeye akatukodolea macho, akarudi nyuma hatua moja.

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliinuka taratibu, akapita pembeni ya kochi, akatazama pini zangu mia nne.

"Ulijua?" akaniuliza.

Nilikuwa na majibu saba. Yote yalikuwa mazuri. Mke wangu alikuwa ananitazama na mikono yake bado imevimba.

"Nilijua, mama," nikasema. "Daktari aliniambia. Niliogopa usipolikuta kochi, mwanyumba atachukua chumba."

"Na mbwa? Siku zote hizo ulimficha kwa ajili ya chumba?"

Nikasema ndiyo.

Akamtazama Kanali pale mlangoni. Halafu akasema lile ambalo bado linanizunguka kichwani. Kasema Kanali hamfuati mtu yeyote bila kamba isipokuwa mimi, ndiyo maana alinichagua. Na chumba alishanipa moyoni kabla ya kusafiri. "Nilikuachia mbwa, baba. Sikukuachia mtihani."

Mimi na mwanyumba tukalitoa kochi nje, tukalipeleka uwanja wa takataka, likachomwa. Lilichukua muda kushika moto. Kitambaa kizuri kile.

Nasema hivi: mtihani ungekuwepo, ningepewa muda wa kutosha.

Jumatatu, 18 Machi

Daktari alikuja kuonyesha namna ya kupulizia dawa chumba cha mbele. Alipomaliza, mama mkwe akamuuliza anafanyia kazi wapi. Akamsimulia kijichumba, giza, foleni ya wagonjwa juani. Mama mkwe akatazama madirisha yake mawili.

Chumba kapewa daktari wa mifugo! Mke wangu na dada yake wanasema mama yao hajawahi kuamua jambo haraka hivyo.

Nilimkuta mwanyumba amekaa ukingoni mwa barabara, anajikuna muundi. Nikakaa, nikajikuna wangu. Tukakaa hivyo kitambo, kama watu wa familia moja. Akasema angalau kadi za daktari ataendelea kuzichapa yeye. Nikampa pole.

Moyoni nilikuwa nashangilia. Hakukipata! Miaka sita ya mapambano na mwanyumba hakukipata. Naandika hapa kwa herufi kubwa: NIMESHINDA.

Jumatatu, 29 Aprili

Kanali ameota. Pale kiunoni manyoya yamerudi mazito, laini, yamekolea kidogo kuliko mengine. Kila asubuhi anatoka kwa mama mkwe bila kamba, anapita chini ya soksi, anaingia kibandani, analala kwenye gunia lake lililofuliwa. Mama mkwe anajua na hamzuii. Mke wangu anamletea maji. Nami si haba: siku hizi ananisalimia.

Daktari aliniomba nimtengenezee benchi la wagonjwa kusubiria, la kufunikwa ngozi ya plastiki inayofutika. Akasisitiza sponji mpya, tena akaja kuiona kabla sijaifunika. Akaichungulia na chini. Nimemsamehe.

Zahanati inajaa. Leo foleni imefika mpaka kwenye geti letu: mbwa, paka, mama mmoja na kuku wake wa kienyeji kwenye kikapu. Nimesimama nikiitazama foleni hiyo na nikaona kosa kubwa la daktari. Anafanya kazi peke yake! Na mimi hapa nina nini? Uzoefu. Nani mtaani hapa ameishi na kipara cha mbwa kuanzia kisahani mpaka sahani? Nani anajua habari za kiuno, macho, viwiko na tezi? Nimezihifadhi zote kichwani, na nyingine nimeziongezea mwenyewe.

Nimeandika kibao, nimekipigilia kibandani: MANYOYA. TUNAREKEBISHA. HAKUNA FOLENI.

Mke wangu amekisoma mara mbili, akaniuliza kama nina homa. Wivu wa mapema.

Mteja wa kwanza ameshapatikana, bibi mmoja aliyechoka kusimama. Paka wake amenyonyoka tumbo lote. Nimemkaribisha kwa heshima, nimemweka paka juu ya meza ya kukatia vitambaa, nimevaa miwani, nimechukua futi ya kupimia. Amenikwaruza mkono wa kulia. Nilipomgeuza akanikwaruza wa kushoto, kwa nguvu zaidi.

Dalili nzuri sana. Nimemwambia bibi: tayari ameanza kupata nafuu.